Alama Ndani ya Ukosi

Aliyeua alikwenda kituoni mwenyewe, kwa gari lake, suruali imenyooshwa mstari, na akapewa kiti. Akapewa na chai. Asiyeua alifuatwa na askari saba, akafungwa mikono kwa kamba yake mwenyewe ya kuanikia nguo, akapitishwa mtaa mzima huku kipaza sauti kikimtangulia. Kati ya safari hizo mbili imepita miaka ishirini na sita, na mke wa yule asiyeua bado anafua nguo za watu kwa mkono.

Watu humwita Mama Alama. Jumanne ile alikuwa ameinamia beseni, povu la shuka za nyumba ya wageni limemfika viwiko, mwanawe alipoingia uani. Ilikuwa saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi msimamizi wa londri ya Baba Mdogo yenye mashine kumi na mbili hana sababu ya kuwa kwa mama yake.

"Mama, kaa."

"Nikae kwani nimechoka? Shika huko mwisho, tukamue."

Kijana akashika mwisho wa shuka, akasahau kukamua. "Baba Mdogo amekwenda polisi jana."

"Wamemwibia tena? Nilimwambia yule mlinzi wake analala na viatu."

"Hajaibiwa, Mama. Amekwenda kusema kwamba... amesema yeye ndiye aliyemuua mwenye duka la vitambaa."

Mama Alama akaendelea kukamua. Alizungusha shuka hadi maji yakaacha kutoka, akaendelea kuzungusha shuka kavu. Halafu akauliza, "Mwenye duka la vitambaa yupi?" kana kwamba waliuawa wengi. Shuka likaanguka mchangani, na siku hiyo hakuna aliyeliokota.

Asiyejua kazi ya dobi, na aelezwe hapa hapa. Nguo za watu mia zikikutana kwenye pipa moja, shati jeupe na shati jeupe hayana tofauti. Ndiyo maana dobi hutia alama ya uzi ndani ya ukosi, kila mteja na yake. Katika duka la mumewe, mtia alama alikuwa yeye. Mwalimu alikuwa na nukta mbili za bluu, karani wa posta msalaba mweusi, na mwanamke huyu alizijua zote kwa kichwa, bila daftari. Nguo ambayo mwenyewe hakuja kuichukua mwaka mzima iliwekwa kwenye rafu ya juu, rafu waliyoiita ya mayatima, na akaitia alama ya nyumba: mishono mitatu myekundu na mmoja mweupe. Maana ya alama ile ilikuwa "hii si ya mteja tena." Pale dukani aliyepungukiwa na shati alipanda kigoda akachukua yatima mmoja. Mumewe alichukua. Mpiga pasi pia alichukua.

Mchana mmoja, saa ya maduka kufungwa watu wapumzike, mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa barabara alipigwa kichwani kwa fimbo ya chuma ya kupimia nguo, akafa. Nyuma ya duka, mferejini, polisi wakaopoa shati lenye damu. Wakageuza ukosi. Mishono mitatu myekundu, mmoja mweupe. Mume wa Mama Alama alikuwa peke yake njiani saa ile, anapeleka nguo kwa wateja, na ukiulizwa ulikuwa wapi, njia haina shahidi.

Mahakamani walimsimamisha mkewe. "Alama hii ni ya nani?"

"Ya nyumba yetu."

"Umeishona wewe?"

"Nimeishona mimi." Alisema kwa fahari kidogo, Mungu amsamehe, maana mishono ilikuwa mizuri na yeye alikuwa na miaka ishirini na mbili.

"Mwanamume wa nyumba yenu ni nani?"

"Mume wangu. Lakini mheshimiwa, kwenye ile rafu..."

"Shahidi, jibu ulichoulizwa."

Akajibu alichoulizwa. Mumewe akafungwa maisha, na mwaka wa nne kifua kikammaliza gerezani. Siku ile ya ushahidi mtoto alikuwa na mwaka mmoja, analialia, na mtu aliyempakata benchi la pili ili mama atoe ushahidi kwa utulivu alikuwa mpiga pasi wao. Mtaa ulimwita Mnyoofu, kwa sababu ya pasi yake, na baadaye kwa sababu ya tabia yake.

Ndiye huyo Baba Mdogo.

*

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kumwambia hivyo mke wa dobi ni kama kumfanyia mzaha. Mnyoofu alikula naye miaka ishirini na sita. Mumewe alipofungwa, ndugu walikimbia, wateja wakakimbia, mama mwenye nyumba akabadili kufuli. Aliyekuja ni Mnyoofu. Alileta sukari, sabuni, bati la paa, daftari na viatu vya mtoto. Wakati wa kumwandikisha mtoto shule, alisema, "Mwandikishe kwa jina langu, shemeji, wenzake wasimwite mtoto wa muuaji." Na mwanamke akashukuru! Alishukuru kwa machozi, akapiga goti, akatembea akiwaambia watu kwamba Mungu hakumpa shemeji wa damu, alimpa Mnyoofu.

Siku ya tatu baada ya habari, aliitwa kituoni. Alivaa viatu vyake vya kutokea, akafika saa mbili kamili kama barua ilivyosema, akawekwa kwenye benchi hadi saa tano na nusu. Mkuu wa upelelezi alipompokea hakuwa na haraka wala aibu.

"Karibu, mama. Pole na hongera."

"Hongera ya nini?"

"Ya ukweli kupatikana. Mara chache sana tunapata mtu muungwana kama yule. Amekuja kwa hiari yake, hakuna aliyemshika. Ni ushujaa, tuseme haki." Akasukuma karatasi mezani. "Sasa, yule mzee ni mgonjwa. Figo zote mbili zimekwisha. Familia yake inaomba atibiwe nyumbani, asilazwe na pingu. Hakimu atamhurumia akiona walioathirika wamesamehe. Weka sahihi hapa chini."

Mama Alama akasoma. Hakusoma haraka, kwa sababu darasa la saba lake lilikuwa la zamani, lakini alisoma lote. Mimi mjane wa fulani, kwa moyo safi, nimemsamehe.

"Na karatasi ya mume wangu iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Inayosema hakuua."

Mkuu akaegemea kiti. "Mama, hilo ni suala la kisheria. Jalada la kesi ile tumelitafuta. Chumba kile kiliingia mchwa. Na hata lingekuwepo, ombi la kufungua upya kesi linaletwa na mfungwa mwenyewe."

"Mfungwa mwenyewe amekufa."

"Ndiyo ugumu wake."

"Basi mwandikieni barua huko kaburini, aje na kitambulisho."

Askari mmoja mlangoni akacheka, akajifanya anakohoa. Mkuu hakucheka. "Mama, sisi tunakuelewa. Lakini mumeo amekwisha kupumzika. Kutajwatajwa kunamsaidia nini?"

"Siku mliyomchukua mlimtaja. Mlikodi kipaza sauti, mkamtaja majina yote matatu kuanzia kona ya posta hadi sokoni. Mliita watu watoke waone. Mtoto wa jirani alimrushia mume wangu mavi ya kuku, na askari wenu akacheka." Akairudisha karatasi mezani. "Sitaki pesa. Sitaki pole. Njooni mpite pale pale, na kipaza sauti kile kile, mseme hakuua."

"Hatuna utaratibu wa namna hiyo."

"Wa kwanza mliupata wapi?"

Hapo mkuu akatazama saa. Alimwambia achukue karatasi akaisome na familia, na kwamba kalamu si lazima iwe ya kituo. Mama Alama akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Alipotoka nje aligundua kwamba amesimama muda wote. Lile neno "karibu" halikuwa na kiti.

*

Kutoka hapo alikwenda hospitali. Mnyoofu alilazwa chumba cha peke yake, chenye feni, maua na kapu la matunda yaliyofunikwa karatasi ya kung'aa. Askari wa kumlinda alikuwa kwenye kochi anakula tufaha. Mke wa mgonjwa akainuka mbio kumpokea mgeni.

"Dada yangu! Tulijua utakuja. Moyo wako tunaujua. Tangu aseme, wageni hawaishi. Wote wanasema ni watu wachache wenye roho hiyo."

"Roho ipi?"

Mke wa Mnyoofu akaanza kunyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

Mgonjwa alikuwa amekonda, macho yamevimba, mikono imetulia juu ya shuka. Akasema, "Shemeji."

"Usiniite hivyo. Ulikuwa umevaa shati la mayatima?"

"Langu lilikuwa na jasho. Nilichukua moja asubuhi ile, hata sikuangalia ukosi." Alisema polepole, bila kujificha, na hilo lilimuudhi zaidi. "Niliingia kuchukua jora moja tu la kitambaa. Nilijua mzee hulala saa ile. Akaamka. Sikukusudia kumuua."

"Ukalitupa."

"Nikalitupa. Nikarudi kwenye pasi na fulana. Mpiga pasi kukaa na fulana, nani angeuliza?"

Kweli, nani angeuliza? Yeye mwenyewe alimpita mara tatu alasiri ile, akamwambia aongeze makaa.

"Mahakamani ulinisikia nikisema rafu. Ulisikia wakininyamazisha. Ulikuwa benchi la pili na mwanangu mapajani."

"Alikuwa analia."

"Mume wangu aliishi gerezani miaka minne. Minne! Kila mwezi ulinipa nauli ya kwenda kumwona. Siku yoyote katika hiyo ungefungua mdomo, angerudi nyumbani."

"Niliogopa kunyongwa."

"Na sasa huogopi?"

Mnyoofu akatazama dari. "Sasa nakufa hata hivyo," akasema.

Ndiyo hiyo. Huo ndio ushujaa waliokuwa wakiupelekea matunda. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu alijipangia mwenyewe ya arobaini iwe lini, akaiweka baada ya mwenzake kuoza, baada ya mashine kumi na mbili, baada ya wajukuu.

"Nilijitahidi kulipa," akaendelea. "Nimemlea kijana. Nimewalea. Nataka niondoke mwepesi tu. Niambie neno moja."

"Ulituweka karibu ili utuone tunakuamini. Nilikupigia goti, Mnyoofu. Nilikupigia goti kwa jina ulilompa mwanangu! Mtoto wa mtu asiye na hatia, nimemtoa jina la babake nikamvika la muuaji, tena kwa mkono wangu, nikasema asante." Alikuwa analia sasa, kwa hasira, na aliyafuta machozi kwa kiganja kama mtu afutaye povu. "Unataka wepesi? Nani amekutua mzigo? Umeutoa kichwani kwako ukaja kuuweka kwenye changu."

Askari akaacha kutafuna. Mke wa Mnyoofu akasema kwa unyonge, "Dada, ugonjwa unamtesa."

"Na wangu kilimtesa kifua, sakafuni. Hakuletewa hata chungwa," akasema Mama Alama, akatoka.

*

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mwanawe, na mama mkwe, bibi wa miaka themanini na tatu anayelala chumba cha ndani. Bibi alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo alipofungwa Bibi hakuwa na pengine pa kwenda ila kwa mke wa mtoto huyo. Alikula chakula chake, alioshwa naye, alikatwa kucha naye, na kwa miaka yote hiyo hakuacha kusema mbele ya wageni, "Mwanangu alifungwa na mdomo wa mkewe." Mama Alama hakuwahi kumjibu. Tangu Jumanne alikuwa hajapata namna ya kumwambia.

Jioni ile mwanawe aliweka karatasi ya msamaha mezani, akaisawazisha mikunjo.

"Weka sahihi, Mama. Nakuomba."

"Wamekutuma?"

"Wanawe wamesema usipoweka, Jumatatu nisije kazini. Lakini si hilo tu." Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, na alizungumza kama mtoto aliyevunja kitu. "Amenifundisha kuendesha baiskeli. Nilipougua alikesha na mimi. Ninajua aliyoyafanya, Mama, lakini huyu ndiye baba niliyemwona kwa macho. Yule mwingine sina hata picha yake."

"Huna kwa sababu yake."

"Najua! Unafikiri sijui?" Akapiga meza. "Niseme nini, nimchukie leo leo? Nipe basi siku mbili tatu."

"Nani anachukiwa?" Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko walivyodhani.

Ikabidi aambiwe. Mama Alama ndiye aliyesema, kwa maneno machache. Bibi akasikiliza hadi mwisho.

"Mnyoofu? Huyu huyu aliyeninunulia miwani?"

"Huyo huyo, Mama."

Bibi akaivua, akaikunja vikono vyake, akaiweka mezani juu ya ile karatasi. Akapapasa kiti, akakaa. Mama Alama alijiandaa kulaumiwa kwa hili pia, maana mazoea yana taabu.

"Siku ile mahakamani," Bibi akasema, "ulianza kusema neno wakakukatiza. Ulisema lakini mheshimiwa. Ulitaka kusema nini?"

Miaka ishirini na sita! Wakili hakuuliza, hakimu hakuuliza, polisi, majirani, hata mumewe kwenye dirisha la gereza hakuuliza. Mama Alama akafungua mdomo, na sentensi aliyoilala nayo na kuamka nayo ikatoka nzima. "Nilitaka kusema, kwenye ile rafu kila mtu wa dukani huchukua shati, alama ile si ya mume wangu peke yake."

"Ungesema hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Bibi akaanza kutikisa kichwa, na akatikisa muda mrefu. "Nimekula mkononi mwako nikikulaani."

"Nilikuwa nasikia, Mama."

"Kwa nini hukunijibu, mwanangu?"

Hakuwahi kumwita mwanangu. Mama Alama akapiga magoti akalaza kichwa mapajani mwa mama mkwe, wakalia wote wawili kwa sauti, bila kujali majirani. Kijana akatoka uani akasimama karibu na kamba tupu.

Walipokwisha, Bibi alijifuta kwa kanga, akauliza wakuu wamesema watafanya nini. Akaambiwa: karatasi ya kusema hakuua haipo, jalada limeliwa, mwombaji ni marehemu mwenyewe.

"Kipaza sauti walikikodi wapi, enzi zile?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Siku hizi vimejaa. Yule muuza dawa ya panya anacho. Kila siku ananikatiza usingizi."

*

Muuza dawa ya panya alikataa kwanza kuazima kipaza sauti, akakubali aliposikia ni cha kazi gani. Alisema babake naye alirusha kitu siku ile, hakutaja nini. Jumamosi saa tatu asubuhi, saa ya sokoni kujaa, Mama Alama alimkalisha mama mkwe kwenye mkokoteni wake wa kupelekea nguo, akamtandikia shuka, akausukuma hadi kona ya posta. Mwanawe hakuwapo. Alikuwa amelala kwa rafiki tangu juzi, na mama hakumtafuta.

Alibonyeza kitufe, na kipaza sauti kikasema kwa sauti ya muuzaji: "Panya! Mende! Kunguni! Usiku hulali?"

Watu wakacheka. Akabonyeza tena, kikarudia panya. Bibi akasema kutoka mkokotenini, "Hicho chekundu, mwanangu, pembeni," na kweli kilikuwa chekundu. Akavuta pumzi, akataja jina la mumewe. Majina yote matatu.

"Alikuwa dobi hapa. Mlimwona akipitishwa. Waliosema ameua walipita hapa hapa, kwa sauti kama hii. Leo nasema mimi. Hakuua! Aliyeua ni mpiga pasi wake, amekiri mwenyewe, yuko hospitali anakula matunda. Polisi wanajua. Hawataki kuja kuwaambia, wanasema hakuna utaratibu. Mume wangu hakuua mtu!"

Kicheko kikafa. Akasukuma mkokoteni hatua ishirini, akasema tena. Bibi alikiomba kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili, akasema kwa sauti iliyokauka, "Ni mwanangu. Hakuua," akakirudisha. Muuza mboga akavua kofia. Mwanamke mmoja aliyewahi kuhamisha nguo zake kwa dobi mwingine akaingia dukani kwake asionekane. Kwenye duka la vitambaa, mtoto wa yule aliyeuawa, sasa mzee mwenye mvi, akatoka mlangoni na futi shingoni. Kwa miaka yote alikuwa akitema mate mjane huyu akipita. Safari hii alizima redio yake, akasimama wima mpaka mkokoteni ukapita.

Hawakufika sokoni. Gari la polisi lilikata mbele yao.

"Mama, una kibali cha kipaza sauti?"

*

Askari kijana aliyeandika maelezo kituoni alikuwa mstaarabu. Aliandika kwa herufi kubwa, ulimi nje kidogo, akiulizia kila neno. Bibi alikaa kwenye benchi. Katikati ya kuandika, mwana wa Mama Alama akaingia mbio, jasho linamtoka.

"Afande, msamehe. Mama yangu ana uchungu tu. Hajui alichokuwa anasema."

"Nyamaza usikilize," askari akasema, akasoma alichoandika. "Mshtakiwa, bila kibali, akiwa na kipaza sauti, alivuruga utulivu kwa kutangaza hadharani kwamba marehemu mume wake, aliyefungwa maisha kwa mauaji..." hapo akasoma majina yote matatu, "hakuua mtu, na kwamba aliyeua ni mtu mwingine ambaye amekiri mbele ya polisi." Akainua macho. "Unakubali au unakataa?"

"Kataa, Mama," mwanawe akanong'ona. "Sema ulighafilika, twende nyumbani."

"Nakubali."

"Lote?"

"Lote. Kila neno uliloandika."

"Na mimi niandike," Bibi akasema kwenye benchi.

"Bibi, wewe ulikuwa umekaa mkokotenini tu."

"Nilisema hakuua. Walinisikia mtaani. Niandike, au unaniona sina mdomo?"

Askari akakuna kichwa, akachukua karatasi ya pili. Aliigonga muhuri karatasi ya kwanza, akamkabidhi Mama Alama nakala ya mshtakiwa. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mwanawe akaisoma juu ya bega lake, akafika kwenye jina la babake, akaacha kusema twende nyumbani. Akavuta kiti kilichokuwa nyuma ya meza, bila kuomba ruhusa, akamkalisha mama yake.

Ndipo mkuu wa upelelezi akatoka ofisini, akachukua nakala ya mezani, akaisoma mara moja, na uso ukambadilika. "Nani amekuambia uandike hivi? Hii ikifika mbele ya hakimu tutaambiwa tulete maungamo, tulete jalada, tueleze..." Akajizuia. Akageukia mjane na kutabasamu. "Mama, haya ni mambo madogo. Hakuna kesi hapa. Nenda zako nyumbani, tumekusamehe."

Mama Alama akakunja karatasi yake yenye muhuri, akaishika kwa mikono yote miwili.

"Mimi sijaomba msamaha wenu, afande. Mimi ni mshtakiwa. Nipelekeni mahakamani."